Udongo Mlioubeba Kutoka Ngitili Yetu

Minza mama,

Umekwenda mjini na mama yako kutafuta begi, na kaka yako Jilala amekaa nje penye kivuli cha zizi. Nimebaki ndani peke yangu, nimeona niandike kabla hamjarudi, maana ukiwa mbele yangu maneno hunikwama. Mwaka mzima umeliona hilo. Ukiniuliza jambo la maana nakujibu habari za ng'ombe.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika hadi darasa la saba. Kisukuma ndicho ninachokuitia, ndicho ninachokuombea, lakini nikishika kalamu sijui hata hilo "ng'wana wane" la kukuita mwanangu niliandike vipi. Kwa hiyo nivumilie. Mahali pengine utaniona nimesimama wima kama mtu aliyeitwa ofisi ya kata.

Habari za kula, kuvaa na kuangalia watu wa kutembea nao sitaandika. Hizo mama yako anakueleza sasa hivi huko sokoni, na kesho atazirudia mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile neno ulilolisema juzi tukiwa tunakula. Mama yako alikuuliza kama kweli umeamua kurudi kwenye utafiti wa Daktari Mwasi, mwalimu wako wa chuo, ukasema, "Nakwenda. Kazi ile isipomalizika, Kulwa atakuwa amekufa bure."

Mama yako akasema amina. Jilala akaacha kula. Mimi nikaomba maji.

Tangu juzi neno hilo limenikalia kifuani, na siwezi kukuacha uondoke nalo bila kusema kitu. Lakini ili niseme, lazima nianzie mwaka jana. Ulikuwepo, najua. Ila kuna vitu ulivyoviona wewe na kuna vitu nilivyoviona mimi, na humu ndani hatujawahi kuviweka pamoja hata siku moja.

Ulipopiga simu kutuambia kwamba idara ya baiolojia imekuchagua kati ya wanafunzi wachache wa kufanya mafunzo ya utafiti likizo ndefu, nilimwambia kila mtu, hata wasioniuliza. Utafiti sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba watoto wa wenzangu walikuwa wanazunguka maofisini kubembeleza wapokelewe fildi, na wewe chuo chenyewe kimekuita. Kisha ukaniambia mwalimu wako anatafuta ngitili za kuchunguza huku Shinyanga, na umemtajia ya kwetu. Nilijisikia kama nimeitwa chuoni mimi mwenyewe. Ngitili ile aliifunga babu yako, akakataza jembe na shoka, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate majani pale. Mimi niliikuta tayari. Sikuitolea jasho. Nilichoifanyia ni kutoiharibu tu, na hata hilo lilikuja kunishinda.

Siku gari la chuo lilipofika ulishuka umevaa buti na kofia ya jua, nikadhani ni mtumishi wa serikali. Halafu ukapiga magoti mbele ya wenzako wote ukasema, "Shikamoo baba," vilevile kama ulivyokuwa ukifanya ukitoka kuchota maji. Nilijifanya kuangalia tairi la gari. Daktari Mwasi naye akatusalimu "mwangaluka," salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni, watu wakacheka wakampenda hapohapo. Alikwenda kwa mwenyekiti, akakubaliwa, akaja kwangu. Alinieleza kwa muda mrefu kuhusu ikolojia, bayoanuwai na mambo mengine ambayo hata kuyaandika siwezi. Niliitikia kila alipopumua. Aliponiuliza kama nina swali nikasema, "Hakuna, mwalimu, kila kitu kimeeleweka."

Hakuna kilichoeleweka, Minza. Nilichokiona ni hiki. Mlifunga kamba, mkagawa ngitili vipande vipande. Miche mkaivika vibati vyenye namba. Halafu mkaleta bomba la chuma, mkatoboa ardhi, mkatoa udongo wa chini, mkaugawa kwenye vifuko, mkaandika juu ya kila kifuko, mkavipanga sandukuni. Na sanduku mkalifunga kwa kufuli.

Labda huko chuoni kufuli ni kufuli tu. Hapa kwetu, ambapo kijana akipanda pikipiki asubuhi anafika machimbo ya Mwakitolyo jua halijawa kali, mtu anayetoboa ardhi, akaufungia udongo kwa kufuli na kuondoka nao kwa gari, anajulikana anatafuta nini. Watoto wa shule ya msingi wanajua.

Maduhu, jirani yetu ambaye shamba lake la pamba limepakana na ngitili, alinikuta mnadani nikiuza beberu.

"Baba Jilala, wale wageni wako wanabeba udongo wa nini?"

"Wa shule."

"Shule gani inayoutilia udongo kufuli?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Wenyewe ndio wanajua, ndugu yangu."

"Wewe umekaa machimbo ya Geita. Huwezi kuwa hujui."

"Nimeshakwambia, wenyewe ndio wanajua."

Alinitazama, akanipiga bega, akaondoka anatabasamu. Nikajua alichokielewa. Ningeweza kumwita. Beberu wangu alikuwa bado hajapata mnunuzi, sikuwa na haraka yoyote.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwita. Kwanza niliona aibu kukiri kwamba sielewi kazi ya binti yangu mwenyewe, wakati nimezunguka kijiji kizima nikiisifu. Pili, na hili ndilo linaloniuma, nilitamani iwe kweli. Siku moja mlipokwenda kula, niliingia ngitilini peke yangu. Niliinama kwenye tundu mojawapo, nikachokoa udongo, nikausugua kiganjani, nikauinua juani kuuangalia. Sikuona kitu. Badala ya kujiambia hakuna kitu, nikajiambia macho yangu yamezeeka.

Jilala yeye alikuuliza wewe mwenyewe. Nilikuwa nafunga ndama, niliwasikia. Ulikuwa unanawa miguu baada ya kazi, akakwambia, "Minza, hivi mnapima nini hasa?" Ukamjibu, "Tunaangalia miche, kaka." Ilikuwa kweli, na ulikuwa umechoka. Sikulaumu. Ila yeye alikuwa amewaona mkichimba chini, na miche iko juu.

Wenzako na Daktari walipokwenda kwenye ngitili za Kishapu, wewe ukabaki kuangalia vipande vya kwetu. Hukukaa siku nyingi, zikaja pikipiki. Kwanza vijana wawili, wakakaa pembeni wanavuta sigara. Asubuhi iliyofuata walikuwa wengi kiasi kwamba ng'ombe waligoma kupita. Mimi rashi nimeziona nyingi, na zote huanza hivihivi. Mtu mmoja anasema pana kitu, watu wanahamia na sululu, nyundo na moko za kutobolea mwamba, kina mama wanakuja na masufuria ya wali, na kabla jua halijageuka kila mmoja ana kipande chake. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, hapa pana moto?" Wao moto ni dhahabu. Nikasema sijui. Mpaka hapo bado nilisema sijui.

Wewe ndiye uliyesimama. Mpaka leo nakuona, umesimama katikati ya kamba zako umetandaza mikono, unapiga kelele, "Hakuna dhahabu! Huu ni utafiti wa miti! Hakuna dhahabu hapa!" Kijana mmoja, hata hakuwa na ubaya, akakuuliza kwa upole, "Sasa dada, kama hakuna, mbona unalinda?" Wakacheka wote. Baada ya kicheko kile kamba zilikatwa. Mwenyekiti alifika, akaongea, akaondoka. Ukanitazama. Ulikuwa unaningoja mimi niseme, mwenye eneo, niliyewahi kuwa mchimbaji. Wangenisikiliza, Minza, angalau baadhi yao. Nikaangalia pembeni.

Jioni Jilala akaja, akasema, "Baba, kama lazima pachimbwe, bora tuchimbe sisi wenye pahali." Nikamwambia, "Angalia usiumie." Hayo tu. Baba mzima aliyekula vumbi la Geita, hiyo ndiyo hekima niliyompa mwanangu.

Alichimba na Kulwa, mtoto wa Maduhu. Nilikwenda kuliona shimo lao, duara kama tunavyoita wachimbaji, nikachungulia, nikaona kuta zinamwaga udongo. Nikawaambia waweke matimba, wasishuke bila magogo ya kushikilia kuta. Kulwa akasema, "Sawa baba, kesho tunaleta." Alikuwa na adabu sana yule mtoto. Nikaenda kunywesha ng'ombe.

Mvua ya kwanza ikanyesha alasiri ile. Yaliyofuata huhitaji niyaandike, kwa sababu wewe ndiye uliyefika wa kwanza na ndiye uliyeanza kuchimbua kwa kile kijiko chenu cha kuchimbia miche. Kuna kitu kimoja tu hukukiona, kwa kuwa ulikuwa umeinama. Vijana wote wa rashi, wale uliokuwa ukiwafukuza, waliacha mashimo yao wakaja kuchimba nyuma yako. Hakuna aliyewaita. Tulimtoa Jilala akiwa hai, mguu umepondeka. Kulwa alikuwa chini yake. Tulipomfikia alikuwa ameshakwenda.

Mawe waliyokuwa wameyatoa yalipelekwa karasha huko Mwakitolyo, yakasagwa, yakaoshwa, hayakutoa hata cha kubandika kwenye kucha. Watu wakaondoka kama walivyokuja. Wakatuachia mashimo.

Msibani Daktari Mwasi alikuja. Alikaa chini na kina mama. Kuna waliomzomea, kuna waliosema gari lake ndilo lililoondoka na dhahabu. Wapo wanaoamini hivyo mpaka leo, na wanaamini kwamba sisi tulipewa fungu letu tumelificha. Maduhu hakuzomea mtu. Nilimpa mkono, akaupokea, akaangalia nyuma yangu kama vile kuna mtu mwingine anakuja.

Kisha ukaja mwaka huu. Jilala alilala hospitali mjini mpaka tukawa tunajuana na wauguzi kwa majina ya watoto wao. Ng'ombe waliokuwa wa mahari yake wakauzwa kwa matibabu. Wazazi wa yule binti aliyekuwa akimchumbia wamekaa kimya, nasi hatuulizi. Mama yako akawa hasikii jina la chuo bila kusonya. Wewe ulirudi masomoni ukiwa umekonda, na ukiwa huko ukatupigia simu kutuambia kwamba idara imeandika taarifa, na kuhusu kwetu wameandika tu kwamba eneo limeondolewa kwenye utafiti kwa sababu limeharibika. Ulirudia, "Limeharibika, baba. Ndivyo walivyoandika." Nikakwambia mbuzi amezaa mapacha.

Nisamehe kwa mbuzi yule.

Halafu likizo hii Daktari akakupigia. Akasema ule udongo wa kwetu bado upo maabara, haujapimwa wote, na anataka wewe ndiye uufanyie kazi, ukae idarani likizo nzima, umalizie. Ulikataa. Ukalia. Baada ya siku kadhaa ukasema utakwenda. Nikafurahi mpaka niliposikia sababu.

Sasa nikueleze kwa nini niliomba maji.

Unajua nilikuwa Geita, lakini sijawahi kukwambia kwa nini nilikaa muda mrefu vile. Mama yako anadhani ni tamaa. Nimemwacha adhani hivyo, maana tamaa inaeleweka. Nilikwenda na rafiki yangu Sospeter. Tulikuwa tumekubaliana msimu mmoja, tupate cha kununulia ng'ombe wa kulimia, turudi. Msimu haujaisha, duara likamfunika. Tulichimba tukashindwa kumfikia, ardhi ilikuwa inashuka kila tukigusa. Yupo mpaka leo kulekule.

Kila mtu aliniambia nirudi nyumbani. Mama yake Sospeter mwenyewe alituma mtu kuniambia nirudi. Nikasema siwezi, nikiondoka mikono mitupu Sospeter atakuwa amekufa bure. Ni maneno yaleyale, Minza. Uliyatamka juzi kama uliyakuta kinywani mwangu.

Nikabaki. Nilifuata mwamba uleule tuliokuwa tukiufuata naye, mwaka baada ya mwaka. Ulizaliwa nikiwa huko. Habari niliipata kwa dereva wa lori la pamba, akaniambia umepewa jina la mama yangu, nikampa soda akaendelea na safari. Baba yangu aliugua, nikatumiwa ujumbe, nikasema nikimaliza duara hili nakuja. Nilipofika nilikuta kaburi limeshaota majani. Wewe ulikuwa unatembea, ukaniona ukakimbilia kwa Jilala, ukajificha nyuma yake. Jilala akakwambia, "Huyu ni baba." Mtoto mdogo yule ndiye aliyenitambulisha kwako.

Na unajua, kuna mara moja nilipata. Si nyingi, lakini ilikuwa dhahabu, ilikaa kiganjani ikang'aa. Nililia pale penye kinu cha kutwangia mawe mpaka watu wakadhani nimechanganyikiwa kwa furaha. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimegundua kwamba hata ningepata gunia zima, Sospeter angekuwa amelala palepale. Haikumsaidia kitu. Nilikuwa nimempa rafiki yangu miaka ambayo hakuniomba, nikawanyima watu waliokuwa wanaihitaji.

Kwa hiyo nakusihi usimbebe Kulwa kwenda naye maabara. Kulwa hakufa kwa ajili ya utafiti wenu. Alikufa kwa sababu kuta hazikuwa na matimba, na kwa sababu watu wazima, mimi wa kwanza, walinyamaza pale walipotakiwa kusema. Ukimaliza kupima ule udongo wote, ukaandika, ukapewa cheti, bado atakuwa amekufa, na utajikuta umesimama na cheti mkononi unalia kama nilivyolia mimi. Na usipoumaliza, hutakuwa umemuua mara ya pili. Mimi sikujua namna ya kuyatenganisha haya mawili. Wewe umesoma, labda utaweza.

Basi uende kwa ajili ya nini? Siku ile ya pili ya kazi yenu, nilikuja kuwaletea maji, nikakukuta umelala kifudifudi kwenye vumbi, pua karibu iguse ardhi. Nikadhani umeugua. Ukanyanyua kichwa ukaniita, "Baba, njoo uone, huu mgunga umeota wenyewe, hakuna aliyeupanda!" Nikainama na magoti yangu haya, nikaona kamche kenye majani mawili. Kwangu mimi hakakuwa kitu, ng'ombe angekapita. Lakini uso wako, mama, sijawahi kuuona vile, hata siku matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka. Kama kitu kile bado kimo ndani yako, nenda, kaupime udongo kwa sababu unataka kujua kilichomo. Na kama kimekufa, usione haya. Niambie kesho hata kama gari limeshawasha injini. Nitalirudisha hilo begi jipya ndani na hakuna atakayekuuliza kitu, mama yako nitamshughulikia mimi.

Kuhusu Daktari, usimchukie. Mimi nilimchukia miezi michache, ilinisaidia kulala. Sasa naona alifanya kosa nililolifanya mimi. Yeye alieleza kwa maneno yake akadhani tumeelewa, mimi nikaitikia nikidhani haijalishi. Lakini umwambie. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie, kwamba lile neno "limeharibika" halitoshi. Mtakapokwenda kwa watu wengine na bomba lenu, asiulize kama kuna swali. Aulize mtu mmoja mmoja amesikia nini, na asiondoke mpaka amesikia jibu la kweli. Kama wewe unaogopa kwa sababu bado ni mwanafunzi na yeye ndiye atakayekupa alama, nakuelewa. Mimi niliogopa hata pale ambapo hakuna aliyekuwa ananipa alama.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Maduhu. Sikuwaambia. Nilimkuta anachambua pamba, nikasimama. Nilimwambia kwamba siku ile mnadani sikujua kitu, na niliona aibu kusema sijui, na pia nilitamani iwe dhahabu. Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Ungesema hivyo siku ile, ningekuamini. Wewe ulikuwa umekaa machimbo. Ningemfungia Kulwa ndani." Hakunifukuza, na hakunipa kiti. Nilisimama mpaka nikaona nimesimama vya kutosha, nikaaga, akaitikia. Sikuandikii hili ili unione nimefanya jema. Sijui kama ni jema. Nimerudi nikiwa mzito kuliko nilivyokwenda.

Sasa nimesikia pikipiki, nikadhani ni nyinyi, kumbe inapita. Niharakishe. Kuna jambo la leo nataka ulijue kabla hujaonana na Jilala.

Mlipoondoka asubuhi nilikaa na Jilala pale zizini. Unajua anavyokaa siku hizi, magongo yameegemezwa pembeni, hasemi. Mimi nilikuwa nasuka kamba. Akaanza mwenyewe, bila kunitazama.

"Baba, hivi ule udongo walikuwa wanautakia nini?"

Nilitafuta jibu. Nikatafuta kweli, nikakumbuka yale maneno ya Daktari, nikaona sina hata moja la kumpa.

"Sijui," nikamwambia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Yaani mwaka mzima nimelala chali nikidhani kila mtu humu ndani anajua isipokuwa mimi."

Nikaendelea kusuka kamba. Nikadhani yameisha. Kisha akaniuliza unaondoka saa ngapi, nikamwambia gari linapita asubuhi na mapema. Akasema, "Mwambie mama aniamshe kabla hajamwamsha Minza. Nitamuuliza mwenyewe."

Najua hamjazungumza vizuri tangu alipotoka hospitali. Unapita mbele yake umeinamisha kichwa, naye anadhani unamwonea kinyaa, na wewe unadhani anakulaumu. Nimewaangalia wote wawili miezi yote hii nikaongea habari za mbuzi.

Kwa hiyo kesho akikuuliza, usimfupishie. Usimwambie ni miche tu. Kaa naye jikoni, mweleze mlichokuwa mnakitafuta chini kule, mweleze na yale unayodhani hatayaelewa, na kama kuna ambacho hata wewe hujui bado, mwambie hujui. Gari likikuacha, lipo la kesho kutwa. Mimi nitakuwa hapo nje ninakamua. Ongea kwa sauti, mama, nami nisikie.

Baba yako,
Luhende